Kushoto kwa Nani

Asubuhi ile mama zangu wawili walirudi kutoka pangoni nyuso zao kavu, nikajua kuna mtu kafanya upumbavu.

Kila wiki wana siku yao. Mama aliyenizaa hutangulia, Mama Mdogo hufuata nyuma kamshika bega, kwa sababu macho yake yamekwisha kabisa. Jua likimpiga usoni anasikia joto tu. Wakifika kwenye chemchemi mama humchotea maji kwa viganja, humnawisha macho, kisha naye hunawa. Halafu wanachuchumaa hapo hapo, maana hakuna pa kukaa, wanasengenya mtaa mzima. Mama hulalamikia magoti, na Mama Mdogo humwambia magoti ni yake, asiyagawe kwa watu. Wanarudi wamelowa mpaka kifuani, wanacheka kama wasichana waliotoroka shule. Macho hayajapona, wala Mama Mdogo hajawahi kusema yatapona. Anasema maji ni ya baridi, yanamtosha.

Siku hiyo walizuiwa. Walikuta kamba imevutwa kutoka kwenye jiwe mpaka barabarani, na Katibu wa kamati ya mgawanyo kasimama hapo na kofia yake ya jua. Akawaeleza kwamba panajengwa ukuta. Kutakuwa na mageti na walinzi; Wakristo wataingia huku, Waislamu kule. Mama akamuuliza, na huyu nani atamshika mkono? Katibu akamjibu kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi kuliko yote, kwamba kila mzee atahudumiwa na watu wake.

"Watu wangu ni huyu hapa," Mama Mdogo akasema, akimpiga mama mgongoni.

Katibu akatabasamu. Mama aliponiigizia lile tabasamu, nikaweka brashi chini.

Baba yetu alikuwa Mwislamu. Alimwoa mama, Mkristo, wakanizaa mimi. Baadaye sana akamwoa Mama Mdogo, Mwislamu mwenzake, wakamzaa mdogo wangu. Mimi nilifuata kanisa la mama, mdogo wangu akafuata msikiti wa baba. Kelele za jambo hilo zilipigwa zamani zikaisha, na waliozipiga wengi wamekufa. Wake wenza wenyewe walizoeana, kisha wakapendana kuliko walivyompenda mwenye nyumba. Baba alipofariki hawakugawana hata kijiko. Sasa waje watu wa kamba na kofia wawagawe wao.

Kazi baba alituachia moja: kuchora Jiwe. Ni jiwe hilo hilo lenye pango. Wakristo wanasema mwanamke mtakatifu alikimbilia humo na mtoto mgongoni, kiu ikamshika, mwamba ukapasuka ukatoa maji. Waislamu wanasema walii mmoja alisujudu hapo, na alipogusisha paji la uso maji yakatoka. Ufa ni mmoja na maji ni yale yale. Ukiingia karakana yetu utaona Jiwe limepangwa ukutani kuanzia mlangoni mpaka dirishani. Ukuta mmoja ni kazi yangu: mwanamke kasimama kando ya ufa, mtoto, duara la njano kichwani, na malaika ukiwaagiza. Ukuta wa pili ni kazi ya mdogo wangu, na humo hakuna mtu. Pana mkeka, taa, maji ya kijani, na maandishi ya dhahabu yamelizunguka jiwe kama mkufu. Yeye wanamwita Nukta, kwa sababu nukta moja ikikaa vibaya hapati usingizi. Mimi wananiita Msumari. Nikisema neno, limeingia.

Wateja wa picha takatifu ni watu wagumu. Mchungaji aliwahi kunirudishia picha akisema mtakatifu wangu mnene, mtu aliyekimbia na njaa hawezi kuwa na mashavu yale. Yalikuwa mashavu ya mama. Nilimwambia akatafute fundi anayechora njaa. Nukta naye aliletewa picha na mzee mmoja aliyetaka ndege wa kwenye mkuyu aondolewe kwa sababu ana jicho. Nukta hakubisha, akamgeuza ndege akawa jani, mzee akaondoka ameridhika. Ndiyo tofauti yetu hiyo.

Lakini chini ya picha zote, zake na zangu, kuna bati moja. Baba alilikata kwa mkasi wa mabati: umbo la jiwe, ufa katikati, mkuyu upande mmoja, mdomo wa chemchemi upande mwingine. Unalilaza juu ya ubao, unagongagonga rangi kwa sifongo, unaliinua, Jiwe limekaa. Kuanzia hapo kila mmoja anaongeza dini yake kwa mkono. Waumini hawajui. Wa huku wanaamini wa kule wameiba picha yao, na wa kule wanaamini hivyo hivyo.

Na bati lenyewe tunalilaza kinyume. Mama Mdogo alipoolewa, bado mgeni, anataka kumfurahisha mume, alilikuta limeganda rangi ya miaka. Akalisugua kwa mchanga na majivu pande zote mbili mpaka likang'aa kama sinia, mbele na nyuma havijulikani tena. Baba akalitwaa, akalilaza lilivyomjia mkononi, akachora mzigo mzima kabla hajashtuka. Pangoni, ukisimama ukalitazama jiwe, mkuyu uko kushoto na maji yako kulia. Kwenye picha mkuyu umehamia kulia na maji yako kushoto. Alipogundua, picha zilikwisha kuuzwa, na ajuza mmoja alikwisha kupiga magoti mbele ya yake akalia mpaka akashikiliwa. Baba akasema, "Waliolia wameshalia. Nikiwaambia nimekosea, machozi yao nitawarudishia nini?" Akaendelea kulilaza vile vile, na sisi baada yake.

Utauliza kama watu hawakuona. Waliona. Mchungaji wa wakati ule akahubiri kwamba picha ile imechorwa kutoka ndani, kama mtakatifu mwenyewe alivyopaona akiwa pangoni, ndiyo maana wenye dhambi walioko nje huona kinyume. Imamu hakutaka kupitwa. Akafundisha kwamba picha inafuata mkono wa kulia wa walii, si wa mtazamaji. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Nyumbani mama zangu walicheka mpaka wakaegemeana. "Mwenzangu," mama akamwambia Mama Mdogo, "umegeuza dini mbili kwa mchanga wa sufuria."

Tulicheka miaka yote hiyo. Kicheko kilikwisha vilipoletwa vipaza sauti.

Kwaya ilifunga chake mkuyuni, wenye mawaidha wakafunga chao majini, siku moja, saa moja. Kikarushwa kiatu. Kikafuata kiti. Ndipo ikaundwa kamati, nusu ya huku na nusu ya kule, watu ambao hawakuwa wakipeana mikono. Na jambo la kwanza walilokubaliana, bila hata kupiga kura, lilikuwa kupaka chokaa viganja.

Ndani kabisa ya pango kulikuwa na alama za viganja, nyekundu, udongo uliopakwa na watu waliokuwepo kabla ya kanisa na kabla ya msikiti. Vingine vidogo, vya watoto, vimewekwa chini kadiri walivyofika. Hiyo ndiyo picha ya kwanza ya mahali pale. Haina mtakatifu wala maandishi. Watu waliweka mikono yao ukutani, basi, kama mtu anayebisha hodi. Nyanya yangu, mamake mama, alikuwa akiweka kiganja chake juu ya kimoja kila akifika, halafu ndipo aende kanisani. Watu hao wa zamani hawana kamati. Hawakuitwa kwenye kikao. Ikasemwa ule ni uchafu wa kishirikina, akaitwa mwashi, mtu mmoja tunamwita Timazi, akapaka chokaa ukuta mzima. Nilipouona ule weupe nilitaka kumpiga mtu, nikashindwa nianze na nani.

Kuhusu mgawanyo, hawakwenda pangoni kabisa. Pangoni wangeshikana mashati. Walikodi ukumbi wenye mapangaboi, wakatundika picha mbili ukutani, yangu na ya Nukta, wakabishania hapo. Wote walitaka maji. Mwisho kanisa likapewa maji, na msikiti ukapewa mkuyu, kivuli chake, na uwanja wote wa mbele mpaka barabarani, ambao ni mkubwa. Katibu akanyoosha fimbo kwenye picha, akaandika: kushoto kwa ufa ni kwa kanisa, kulia kwa ufa ni kwa msikiti. Wakatia sahihi, wakanywa soda.

Hayo ya ukumbini niliyasikia kwa Nukta siku ile ile mama zetu waliporudi nyuso kavu. Nilikuwa nimevaa viatu, nakwenda kumtafuta Katibu na kofia yake. Nukta akasema kaka, subiri kwanza. Akaniambia kamati imetupa kazi ya kuuchora ukuta ukikamilika, uso mmoja wa kanisa, uso mmoja wa msikiti, na yeye ameshakubali kwa niaba yetu.

Nilivua kiatu kimoja. Sijui kwa nini. Nilikuwa nacho mkononi wakati wote wa mazungumzo yale.

"Umekubali kuchora ukuta wa kumfungia mama yako nje," nikamwambia.

"Haumfungii nje. Utakuwa na geti lake."

"Atalionaje hilo geti?"

Akasema, kwa sauti ile ya kumgeuza ndege awe jani, kwamba ukuta utajengwa tu, tuchore tusichore, na tusipochora atachora mwingine, tena vibaya. Nikamwambia hilo ndilo neno la kila mtu aliyewahi kushika mpini wa kazi chafu. Nikamwambia baba angemkana. Akasema baba angechukua kazi, na wewe unajua. Nilijua. Ndiyo maana nilikitupa kile kiatu, kikapiga ukuta wake, kikachuna rangi kwenye mkeka wa walii.

Tangu siku hiyo tulifanya kazi tumepeana migongo. Bati tulikuwa tukilitundika kwenye msumari ukutani, mwenzako alichukue mwenyewe, ili mikono isikutane.

Kwa Katibu nilikwenda. Alinisikiliza vizuri, akaniita ndugu yangu, akasema tusitazame watu wawili, tutazame amani ya wengi. Nikamwambia amani gani inayoanza kwa kumnyang'anya kipofu mkono wa kushika. Akasema ananielewa. Mtu akikuambia anakuelewa akiwa keshashika mlango, ujue umemaliza kazi yako.

Timazi akachimba msingi. Ni mwashi mzuri, namheshimu, huo ukuta aliufuatisha ufa mpaka barabarani, umenyooka kama uzi. Tofali zikapanda mpaka magotini. Mchungaji naye, mtu wa haraka, hakungoja umalizike. Akaja na kwaya na chupa za kubeba maji, abariki nusu ya kanisa. Akasoma karatasi: kushoto kwa ufa. Akaenda kushoto. Akakuta mkuyu.

Wanasema alizunguka mti wote akitafuta maji, kama mtu aliyepoteza funguo. Akarudi, akasoma tena. Kwaya ikanyamaza sauti moja baada ya nyingine. Ng'ambo ya pili ya ukuta, kwenye maji, alikuwa kasimama mzee wa msikiti, anatia udhu, mtulivu kabisa, akamsalimia.

Hapo moto ukawaka. Kanisa likasema tuliandikiana maji. Msikiti ukasema tuliandikiana kushoto, na kushoto ni kushoto kwa kila mwenye mikono. Kanisa likasema picha ni kama mtakatifu alivyopaona kutoka ndani, kwa hiyo kushoto kwa karatasi ni kushoto kwake, nako ndiko kwenye maji. Imamu akasema huo ni upuuzi. Akakumbushwa kwamba msikiti umefundisha upuuzi huo huo tangu enzi za mtangulizi wake. Akasema yale yalikuwa mafundisho ya kiroho, hayahusu mipaka. Kazi ikasimamishwa. Tofali zikafunikwa turubai. Timazi akaenda kujenga choo cha mtu.

Mimi? Nilifurahi kwa ubaya. Nilikaa karakana nikijichekea mpaka Nukta akageuka, mara ya kwanza tangu kiatu, akanitazama.

"Usiseme," akaniambia.

"Kwa nini nisiseme?"

"Kwa sababu hakuna atakayenunua tena. Na baba atakuwa kichekesho."

Nikamwambia mimi nitasema, tena nitasema mbele yao wote, na nitatazama nyuso zao mmoja mmoja. Nilimaanisha. Nilikuwa nimeanza kufanya mazoezi bafuni. Wazee waheshimiwa, mmebishana juu ya mwanamke mmoja, mchanga wa sufuria na bati lililogeuzwa. Huyo ndiye mtakatifu wenu na huyo ndiye walii wenu. Mmefuta mikono ya watu kwa chokaa mkaabudu kosa la fundi. Kila nikijipaka sabuni hotuba ilizidi kunoga.

Wakamleta mwamuzi kutoka mbali, hakimu mstaafu, asiye wa huku wala wa kule. Huyo alikwenda pangoni kwa miguu yake, akatazama, akarudi ukumbini akatazama picha, akacheka kidogo puani. Akasema shauri lote ni swali moja. Karatasi inasimama juu ya picha, na picha inasimama juu ya mchoraji. Je, mchoraji alichora kama mtu aliye ndani, au kama mtu aliye nje? Kama ni ndani, maji ni ya kanisa. Kama ni nje na kakosea, maandishi yabaki yalivyo na maji ni ya msikiti. Mchoraji kafa, lakini ana wana wawili, tena mmoja wa kila upande. Watakuja kuwauliza karakana, na watakalosema ndilo. Keshokutwa yake Timazi angerudi kazini, jibu liwe lolote.

Mchungaji alinijia kabla ya siku hiyo. Aliniita mwanangu, ingawa nimemzidi umri. Akanikumbusha kanisa lililombatiza mama. Hakuniambia niseme nini; alisema tu "ndani" mara nyingi sana ndani ya maneno mengine. Imamu naye nilimwona akitoka karakana kwa mlango wa nyuma. Nilimtazama Nukta usoni nijue ameahidi nini. Alikuwa anachora nukta zake, uso umefungwa kama duka siku ya msiba.

Nikasema moyoni, yeye atasema nje, mimi nitasema bati. Tuone.

Asubuhi ya siku yenyewe niliamka nikakuta nyumba haina mama hata mmoja. Nikajua wamekwenda wapi. Nilipandwa na hasira tena, nikashika njia nikihesabu nitakachomfanya mlinzi yeyote atakayewagusa. Nilikuwa nimesahau kwamba mageti hayajajengwa, walinzi hawajaajiriwa, na watu wote wenye kelele wako mjini wanagombana.

Niliwakuta wamekaa juu ya ukuta.

Umefika magotini, nimeshasema, na Timazi huwa haachi tofali la juu bila kulisawazisha. Walikuwa wamekaa bega kwa bega, nyuso zinadondoka maji, mkoba wa mama umewekwa upande wa kanisa na viatu vya Mama Mdogo upande wa msikiti, au kinyume chake, mimi mwenyewe sijui tena.

"Nani huyo anapumua kama ng'ombe?" Mama Mdogo akauliza.

Nikajitaja.

"Kaa. Safari hii wamefanya la maana. Miaka yote tunachuchumaa hapa kama vyura, hakuna aliyefikiria kiti."

Mama akasema magoti yake yamewasamehe kamati, yeye bado. Nikakaa. Tofali lilikuwa limepata jua, lina joto zuri. Mama akaniuliza leo nitawaambia nini wale watu. Nikasema ukweli. Nikaanza kumpa ile hotuba ya bafuni, mchanga, bati, chokaa, yote. Mama Mdogo alicheka pahala pa mchanga. Mama hakucheka. Alingoja nimalize.

"Ukiwaambia, watarekebisha," akasema.

Sikumwelewa.

"Watajua maji yako wapi na mti uko wapi. Wataandikiana upya, sawasawa, halafu watajenga." Akapiga tofali kwa kiganja. "Watu hao kitu pekee kilichowashinda duniani ni kujua kushoto kwao. Wewe usiwasaidie."

Mtu anaitwa Msumari maisha yake yote, anapata siku moja ya kuwapigilia watu wanaostahili, mwenye nyundo ni yeye, na mama yake anamwambia aiweke chini. Niliumia. Siwezi kusema uongo, niliumia kama mtu aliyenyang'anywa chakula.

"Na Nukta?" nikauliza. "Nukta atasema nje. Imamu keshampitia."

"Mwanangu namjua," Mama Mdogo akasema. Ni hayo tu. Hakusema anamjua vipi.

Walikuja mchana. Mwamuzi, Mchungaji, Imamu, Katibu. Karakana yetu ni ndogo, ikabidi tuondoe meza. Katibu alitafuta pa kutundika kofia yake ya jua, akaona msumari, akaitundika juu ya bati. Juu yake hasa. Bati lenyewe lilikuwa linachungulia chini ya ukingo wa kofia, na mkuyu wake, na ufa wake, na mdomo wa chemchemi, mbele ya macho ya watu wanne wenye elimu na miwani. Nilitazama kofia ile nikasikia maneno yanapanda kutoka tumboni yenyewe.

Mwamuzi akauliza vizuri, polepole. Baba yenu alipochora, alisimama ndani au nje?

Mchungaji akanikazia macho. Nilimtazama yeye, nikatazama kofia, nikatazama vidole vya Katibu vilivyokuwa na doa la wino, wino ule ule ulioandika kushoto. Kila mmoja wao nilikuwa na neno lake tayari, limechongwa, limenolewa. Nikauma meno mpaka taya likalia.

"Sijui," nikasema.

Mchungaji akasema, "Msumari, wewe hujui?" kama mtu aliyeambiwa jogoo ametaga. Nikarudia. Nilikuwa mdogo, baba hakuwa mtu wa kueleza, sijui. Kila "sijui" ilipita kooni kama mwiba wa samaki.

Mwamuzi akamgeukia Nukta. Imamu hakumtazama Nukta. Alitazama picha zake, ile yenye mchubuko wa kiatu kwenye mkeka. Nukta alikuwa anafuta brashi kwa kitambaa. Akaifuta mpaka ikawa safi, akaendelea kuifuta.

"Kaka mkubwa hajui," akasema, "mimi nitajuaje? Mimi nilizaliwa nyuma."

Mwamuzi alitutazama sote wawili kwa zamu. Nadhani yule mzee alijua tunamficha kitu, maana pua yake ilicheka tena. Akasema bila mchoraji hana la kuamua. Waende wakaandikiane upya, na safari hii waandikiane wakiwa wamesimama pangoni. Akaomba maji ya kunywa, akaenda zake. Mchungaji na Imamu walitoka kwa milango tofauti. Mpaka leo hawajasimama pangoni pamoja, kwa sababu hawajakubaliana nani afike kwanza.

Katibu alirudi kuchukua kofia yake. Alipoitoa, bati likayumba kwenye msumari, likagonga ukuta kama kengele. Akasema samahani. Nukta akamwambia hakuna neno, ni kipande cha bati tu.

Alipoondoka, Nukta akalitungua bati, akalishika kidogo, akaninyooshea. Mkononi. Nikalipokea. Bado nina hasira naye kuhusu ile kazi ya ukuta, na nikiwa na nafasi nitamwambia tena.

Nina hasira na wote. Kila nikilaza bati kinyume, nikigonga rangi, nikiinua, nikauona ule mkuyu upande usio wake, ile hotuba inanirudia neno kwa neno. Wateja wananiuliza kwa nini nachora watakatifu nimekunja uso. Na viganja vimebaki chini ya chokaa. Hilo halikurekebishwa na mtu, wala halikuhitaji kushoto na kulia.

Wiki iliyopita Mama Mdogo alirudi kutoka pangoni amelowa mpaka kifuani, akaniita. Akasema kiti kizuri lakini kinakwaruza, kimemchania kanga. Nikamtafuta Timazi kwenye choo chake, nikamwomba aje apige plasta juu ya ule ukuta, laini, na kingo azizungushe zisiume mapaja ya wazee. Akaniuliza kazi hiyo kaagiza nani, kanisa au msikiti, maana wote watamuuliza.

"Waambie hujui," nikamwambia. "Mwanzoni linakwaruza koo. Utazoea."